Betri Hupimwa Chini ya Mzigo

Gari la haibridi linapochoka, injini huwa ya mwisho kulalamika. Hutangulia betri kubwa iliyofichwa nyuma ya siti za abiria, ile ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuitia machoni. Nimeendesha Prius kwa miaka kadhaa baina ya Changamwe ninakoishi na Mariakani ninakofundisha, na barabara hiyo ndiyo iliyonifunza tabia za betri kabla fundi yeyote hajanieleza. Asubuhi napanda mlima wa Mazeras nikifuatana na malori yatokayo bandarini. Jioni nateremka kurudi nyumbani. Betri yenye afya huupanda mlima huo ikipungua kidogo kidogo, na wakati wa kuteremka hujaa kidogo kidogo vilevile, kwa kuwa mota inayosukuma magurudumu hugeuka jenereta kila unapoondoa mguu kwenye mafuta au unapokanyaga breki.

Yangu ilianza kuwa na pupa. Sijafika juu, vijiti vya kipimo kwenye dashibodi vimekwisha kubaki viwili. Jioni, sijafika Miritini, vimejaa hadi mwisho. Mwalimu mwenzangu niliyempa lifti aliliona hilo akanipongeza kwamba betri yangu inachaji upesi. Lakini kinachojaa upesi na kukauka upesi kimepungukiwa nafasi ndani, na ndivyo betri za aina hii zinavyozeeka: volti zinabaki zile zile, uwezo wa kubeba unakwisha.

Zikafuata dalili nyingine. Feni ya betri, ambayo hata sikujua sauti yake, ikawa inavuma nyuma ya mgongo wangu kama gari linapakia upepo. Injini ikawa haizimi tena tunaposimama kwenye foleni. Petroli iliyokuwa ikinitosha wiki nzima ikawa haifiki Ijumaa. Mwishowe, asubuhi moja katikati ya mlima, ile pembetatu nyekundu ikawaka, gari likapoteza nguvu, nikajivuta pembeni malori yakinipita. Mashine ya fundi ilipounganishwa ikatoa P0A80, msimbo ambao madereva wa teksi za haibridi wanaujua kwa kichwa. Maana yake ni moja: betri kuu imechoka, ibadilishwe.

Naandika haya kwa sababu magari ya haibridi yamekuwa mengi nchini Kenya, na kila mwenye nalo, leo au kesho, atabishiwa hodi na msimbo huo. Nilinunua betri iliyotumika, na likitokea tena nitanunua iliyotumika. Wanaosema cha mtumba ni bahati nasibu wananiudhi kidogo, maana nusu ya maisha yetu ya mjini inabebwa na vitu vilivyotumika: magari, mafriji, viatu, mashine za kushonea. Tulichokosa si vitu vipya. Tulichokosa ni desturi ya kupima na kuandika, na betri ya gari imenionyesha jambo hilo kwa namna ambayo kiatu kisingeweza.

Kwanza inafaa kuelewa kinachokufa. Prius ya kwanza iliingia sokoni Japani Desemba 1997, mhandisi wake mkuu akiwa Takeshi Uchiyamada. Toleo langu, ambalo mafundi wetu huliita Prius 30, lilitoka 2009. Betri yake ina moduli 28 zilizopangwa bega kwa bega, kila moja na seli 6 ndani yake, kila seli ikitoa volti 1.2. Piga hesabu: seli 168, volti 201.6. Ndani mna nikeli upande mmoja, na upande wa pili mchanganyiko wa madini unaoweza kufyonza haidrojeni na kuiachilia, vyote vikiwa vimeloweshwa kwa alkali kali. Seli hizo zimeungwa mfululizo, mkondo ule ule ukipita katika kila moja. Hapo msemo wetu kwamba kamba hukatikia pabovu unakuwa sheria ya fizikia. Seli moja ikidhoofika, 167 zilizobaki hazina njia ya kuipita pembeni. Gari zima linakwenda kwa nguvu ya ile dhaifu. Kompyuta ya betri huzitazama moduli mbili mbili, jozi 14, na jozi moja ikiachana sana na wenzake ndipo pembetatu inapowaka.

Jambo la pili ni kwamba Prius haina stata ya kawaida. Ile betri ndogo ya volti 12 huamsha kompyuta tu. Injini huzungushwa na mota kubwa inayokula umeme wa betri kuu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na tangi lililojaa petroli na gari lisiwake. Wenye magari hudhani betri ya haibridi ni ya kubania mafuta, na kwamba ikifa watarudi kuendesha kama zamani kwa injini. Hakuna zamani ya kurudia. Bila betri hiyo, gari halitoki kituoni.

Na jambo la tatu ni umri. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na mengi ya yale ya Japani hutufikia yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Kule Marekani, betri ya haibridi ya toleo langu ilidhaminiwa na Toyota kwa miaka 8 au maili 100,000. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja unaona kwamba gari linashushwa bandarini Kilindini karibu na umri ambao mtengenezaji mwenyewe alikuwa akiacha kuibebea dhamana betri yake. Betri nyingi huendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mimi ni shahidi. Lakini mnunuzi wa Kenya anaanza safari pale ambapo mnunuzi wa kwanza aliimaliza yake, kisha anaongeza joto la pwani juu yake.

Nilipokaa na mke wangu kupiga mahesabu, njia zilikuwa nne. Kununua betri mpya kwa muuzaji rasmi. Kununua ile inayoundwa upya kwa seli mpya za kampuni nyingine. Kununua iliyotoka kwenye gari jingine. Au kuziondoa moduli zilizokufa peke yake na kutia nyingine mahali pake, kazi ambayo mafundi wengi hupenda kuitoa kwa bei nafuu.

Ile ya mwisho tuliikataa mapema. Moduli 28 zilizotoka kiwandani pamoja zimekula joto lile lile na mizigo ile ile miaka yote. Tatu zikifa, nyingine ziko nyuma yao mlangoni. Ukiweka moduli nzuri katikati ya zilizochoka, zilizochoka hujaa mapema na kuisha mapema, ile nzuri haipati kujaa wala kushuka sawasawa na wenzake, na baada ya muda mfupi unarudi gereji. Kuna fundi mwaminifu anayeweza kufanya kazi hiyo vizuri, akizipima moduli zote na kuzilinganisha kwa uwezo. Kwa kawaida, hata hivyo, kinachouzwa ni kuzima taa ya dashibodi kwa miezi michache.

Betri mpya nayo ilikuwa na mantiki yake, na kwa mtu mwenye gari changa ningemshauri aichukue. Kwetu bei yake ilizidi mara mbili ya iliyotumika, na swali la mke wangu ndilo lililoamua. "Gari lenyewe limebakiza miaka mingapi?" aliniuliza. Tulikuwa tukipanga kuliendesha hadi mtoto wetu mkubwa amalize sekondari, kisha tuliache. Kutia betri ya miaka kumi ndani ya gari tutakaloliuza baada ya miaka minne ni kumnunulia mtu mwingine. Tulichohitaji kilikuwa miaka minne yenye uhakika, na mtumba unaweza kukupa miaka minne ikiwa utajua kuitafuta. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama kitu ni kipya au kimetumika. Nauliza kimebakiza nini, na mimi nahitaji nini.

Tatizo la umri uliobaki ni kwamba hauonekani. Katika duka la spea kisiwani Mombasa tulikuta betri za Prius na Aqua zimepangwa hadi dari, zote zimefutwa vumbi, zote zikisemwa zimetoka Japani moja kwa moja. Muuzaji alikuwa mtu mchangamfu, akatuvutia moja mbele, akatia nyaya za mita.

"Ona mwenyewe, mwalimu wangu. Volti mia mbili na kumi na tano. Hii hata gari lako haliidai."

Fundi wangu, mzee mtulivu aliyeanza na redio za magari kabla ya kuhamia umeme wa haibridi, aliitazama ile namba kwa adabu. "Hiyo ni hesabu ya betri iliyolala, shekhe," alisema. "Sisi tunataka kuiona ikiamshwa."

Namba ile ilikuwa ya kweli. Betri yenye jina la volti 201.6 ikichajiwa vizuri na kupumzishwa huonyesha zaidi ya 210. Ila hata betri yangu iliyokufa, iliyokuwa imelala kwenye gereji ya Changamwe, ilionyesha karibu hivyo hivyo. Seli dhaifu ikiachwa ipumzike hujikusanya na kusimama sawa na wenzake. Inapoambiwa ifanye kazi ndipo inapojulikana. Muuzaji wa kwanza hakukubali betri yake itoke dukani kabla ya kulipwa yote, tukamshukuru tukaondoka. Wa pili alikubali kwa amana, na kijana wake akafuatana nasi kuangalia, jambo lililonipa imani kubwa kuliko maneno yoyote. Anayeuza kitu anachokiamini haogopi kipimo.

Kazi ya kupima ndiyo sehemu ninayoikumbuka vizuri zaidi, na ningependa kila mwenye gari la haibridi aione walau mara moja.

Fundi alianza na ile iliyokuwa garini. Alivua saa na pete, akavaa glavu nene za mpira za kuhimili volti 1,000, akavuta plagi ya usalama yenye mshiko wa rangi ya machungwa na kuitia mfukoni mwake ili asitokee mtu mwema akairudisha. Kisha akasubiri dakika kumi. Inveta ya gari hili huweza kuupandisha umeme wa betri hadi volti 650, na kapasita zake hazitulii papo hapo. Kijana wa gereji alitaka kusaidia kunyanyua, akazuiwa. "Plagi imekata njia," fundi alimwambia, "lakini umeme wenyewe umo humu humu. Umegawanyika vipande viwili tu, na kila kipande kinaweza kukuua." Hakuna kazi ya mtaani inayohitaji heshima kuliko hii. Umeme wa betri haukatwi na swichi ya ukutani, na mtu asiye na glavu na asiyejua mpangilio wake asiifungue kabisa, hata kama ameona video kumi.

Ile tuliyokuja nayo ikawekwa juu ya meza ya mbao, kifuniko cha bati kikaondolewa. Kabla ya kupima chochote fundi aliinama akasoma namba zilizochapwa kwenye moduli, moja baada ya nyingine. Moduli zilizoundwa pamoja huwa na namba zinazokaribiana. Zikichanganyika sana, ujue betri imekwisha kufunguliwa na kuungwaungwa na mtu. Akapitisha kidole ubavuni mwa plastiki kutafuta uvimbe, dalili ya joto kali. Akatazama vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, akikwangua kidogo kwa ukucha kuona kama weusi ule ni vumbi au kutu, maana hewa yetu ya chumvi huila shaba. Akatafuta unga mweupe kwenye mizizi ya nati, kwani alkali ikivuja huacha alama hiyo.

Ndipo akatoa kifaa chake cha kupimia: balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, imeunganishwa nyaya mbili zenye vibanio. Akasoma volti za moduli ya kwanza ikiwa imepumzika: 7.81. Akabana balbu. Ikawaka, si kwa weupe ule wa barabarani bali kwa rangi ya manjano ya kandili, kwa sababu inadai volti 12 na imepewa chini ya 8. Simu ikahesabu dakika mbili. Volti zikashuka, zikasita kwenye 7.5, zikabaki hapo. Nikaandika. Moduli ya pili, vivyo hivyo. Kazi ilikuwa ya taratibu na haikuwa na njia ya mkato. Kila moduli ilipewa dakika zake, na mimi nilijaza safu mbili katika daftari la shule, moja ya kulala, moja ya kazi.

Safu ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Moduli zote zilitofautiana kwa sehemu ya mia ya volti, na kama tungeishia hapo tungelipa na kwenda zetu. Katikati ya safu ya pili, moduli moja ilianza kama wenzake, ikakaa sekunde kadhaa kwenye 7.4, kisha mbele ya macho yetu ikateleza hadi 6.3 na mwanga wa balbu ukafifia. Volti moja na ushee zilikuwa zimepotea kwa mkupuo. Ndani ya moduli ile seli moja ilikuwa imemaliza akiba yake ndogo na kujitoa kazini, nyingine tano zikiendelea.

"Ni moja tu katika ishirini na nane," kijana wa dukani alisema, na kwa haki yake alikuwa mkweli. "Tutakubadilishia hiyo."

Fundi alimweleza kwa upole kile nilichokwisha kukieleza juu: moja ya leo ina wenzake wa mwezi ujao. Betri ile ikarudi, ikaja nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa na sura mbaya kuliko ya kwanza, bati lake limekwaruzwa, stika zimechanika. Chini ya balbu, moduli zake zote zilisimama baina ya 7.4 na 7.6. Tukaiacha siku kadhaa bila kuigusa, tukaipima tena, kwa sababu kuna seli zinazobeba mzigo vizuri lakini haziwezi kuhifadhi. Zinavuja umeme zikiwa zimekaa. Hazikuwapo. Ndipo tukalipa.

Watu hudhani kazi iliishia hapo. Kwa fundi wangu ilikuwa ndiyo inaanza, kwani alikuwa na swali ambalo dukani halikuulizwa na mtu yeyote: ya kwanza ilikufa kwa nini? Akafungua feni ya kupoza betri. Prius huivutia betri yake hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Kwenye mapanga ya feni palikuwa na zulia la kijivu lenye unene wa kidole: vumbi la barabara ya Mariakani, nyuzi za nguo, nywele, makombo ya biskuti za watoto. Feni ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote wala haipitishi hewa. Katika betri iliyotoka, moduli tatu zilizokufa zilikuwa za katikati, mahali ambapo joto hukusanyika na kukosa pa kutokea.

Nilikaa nikaitazama ile feni kwa muda. Betri tuliyoisaka na kuipima kwa uangalifu wote ule ingetiwa mahali pale pale, ikapikwa na joto lile lile, na baada ya mwaka tungesema mtumba haufai. Nadhani sifa nyingi mbaya za vitu vilivyotumika hupatikana hivi. Kitu kinatiwa ndani ya kosa lililomuua mwenzake, kisha kinalaumiwa chenyewe. Feni ikaoshwa na kukaushwa, vipande vya shaba vikasuguliwa na kufutwa, nati zikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na gari likawashwa bila pembetatu.

Tuliitia mtihani wake wa mwisho mlimani Mazeras, fundi akiwa kiti cha abiria na mashine yake ikisoma jozi zote 14 moja kwa moja. Nilikanyaga mafuta, jozi zote zikashuka pamoja. Niliachia, zikapanda pamoja. Zilikwenda hivyo hadi Mariakani, bila hata moja kubaki nyuma.

Tangu hapo nimebadili mazoea, na nayataja kwa kuwa hayagharimu kitu. Tundu la hewa haliwekewi begi wala shuka. Feni husafishwa kila gari linapoenda sevisi. Gari likiegeshwa, hutafutiwa kivuli, na likiwa na abiria mchana wa Februari kiyoyozi huwashwa, kwa sababu hewa inayotupoza sisi ndiyo inayoipoza betri. Na kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambako tunakwenda kuwaona wazee, siweki gia kwenye N. Madereva wengi hufanya hivyo huku kiyoyozi kikivuta umeme wa betri kuu, wala hawajui kwamba katika N gari hili haliwezi kuichaji betri hata injini ikiwa inanguruma. Kwenye P linachaji. Herufi moja tu, na betri nyingi za mji huu zimeumizwa kwayo.

Ikabaki betri iliyokufa. Haikukaa gereji kwa muda mrefu kabla ya kupata wateja. Mmoja alitoa bei nzuri na alitaka kuichukua ilivyo, zima. Nilimuuliza atafanya nayo nini. Alinijibu bila kuficha: ataifungua, atatoa zilizokufa, atatia nyingine kutoka kwenye betri nyingine iliyokufa, ataifuta vumbi, ataiuza. Hakuwa mhalifu, ndivyo biashara hiyo inavyozunguka, na baadhi ya moduli zangu zilikuwa bado zina kazi ndani yake. Lakini nilijua itakavyokaa kwenye rafu ya duka. Mita ingeonyesha volti mia mbili na kumi na tano, na mtu mwingine mwenye mshahara kama wangu angesimama mbele yake.

Tuliipima kwa balbu ile ile. Tatu zilizokufa zikatolewa na kukatwa vichwa vyake vya shaba ili zisiweze kuungwa tena, zikawekwa kando kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayekusanya betri za namna hiyo, maana nikeli iliyomo ina thamani na alkali iliyomo haifai kumwagwa mtaroni. Kila moja katika zilizobaki iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki yake: tarehe, volti za kulala, volti za kazi. Zilizokuwa wastani ziliandikwa wastani. Yule mnunuzi alisema maandishi yale yanamharibia biashara, akashusha bei, na sikumlaumu. Fundi mwingine akaja akazitaka hizo hizo kwa sababu ya maandishi, akizihitaji za kurekebishia betri za wateja wake. Alilipa kidogo kuliko bei ya kwanza. Tofauti ile ilikuwa ada halali, na niliilipa kwa moyo mweupe.

Tunapozungumza juu ya mtumba hujiona siku zote upande wa mnunuzi, tukilalamika kwamba tunadanganywa. Lakini kila betri iliyotumika ilitoka kwenye gari la mtu, na mtu huyo aliijua. Alijua kama ilikuwa inajaa kwa pupa, kama feni ilikuwa ikivuma, kama taa iliwahi kuwaka ikafutwa kwa mashine. Ujuzi huo hukatika pale kitu kinapobadilisha mikono, na anayefuata hulazimika kuununua upya kwa balbu, kwa siku za kungoja, au kwa hasara. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Waliwafikiria wenye maduka, na msemo unawaenea vilevile wenye magari.

Sheria imeanza kulitazama jambo hili kutoka upande wake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mtengenezaji na mwingizaji wa bidhaa abebe wajibu hadi bidhaa inapofika mwisho wake. Ni jambo jema na lifuatiliwe. Lakini baina ya bandari na jalala kuna mikono mingi, na sheria haiwezi kusimama dukani na mita kila jioni. Hapo katikati tupo sisi: mwenye gari, fundi, muuza spea.

Na mizigo inayokuja ni mikubwa zaidi. Bodaboda za umeme tayari ziko barabarani, na magari ya umeme yaliyotumika yanafuata njia ile ile ya Kilindini iliyopitwa na Prius. Katika vyombo hivyo betri si kisaidizi cha injini. Ndiyo sehemu kubwa ya bei, na hakuna petroli ya kukimbilia. Atakayenunua pikipiki ya umeme ya mtumba kwa kutazama rangi yake na namba ya mita iliyolala atakuwa amenunua fremu na magurudumu. Kwa hiyo desturi hii tuijenge sasa, wakati bado tunajifunzia kwenye betri ya moduli 28 inayobebwa na watu wawili. Ukinunua, dai kuiona ikifanya kazi, na umwache muuzaji anayekataa. Ukitia, uliza kwanza iliyotangulia ilikufa kwa nini. Na ukiuza, andika ulichokijua, hata kama maandishi yatapunguza bei, kwa sababu mwaka ujao utakuwa wewe uliyesimama dukani ukitafuta kitu chenye maandishi ya mwenzako.